Gego la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita: Hivi ndivyo linavyoweza kuzibwa kabla halijatoboka

Mtoto ana miaka tisa. Usiku kucha hajalala, shavu limevimba upande mmoja, na karafuu aliyowekewa na bibi haijasaidia kitu. Kukipambazuka mama anamshika mkono, wanapanda gari pale Banana, Ukonga, kwenda hospitali.

Wakifika kwa daktari wa meno, mazungumzo ya aina hii huwa hayatofautiani sana.

"Dokta, mng'oe tu, si la utoto hilo? Litaota lingine."

"Hapana mama. Hili ni la ukubwani. Likitoka, ndo limetoka."

Hapo ndipo mzazi anaposhtuka. Ni picha inayojirudia kwenye kliniki nyingi za meno nchini. Mgonjwa anafika maumivu yakiwa yameshakolea, na huduma inayotolewa zaidi ni kung'oa.

Kuna hatua ambayo ingeweza kuchukuliwa miaka miwili au mitatu nyuma, jino likiwa bado halina hata doa. Inaitwa silanti. Ni utando mwembamba unaopakwa juu ya gego ili kuziba mifereji yake kabla bakteria na sukari hawajapata makazi humo. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna mashine ya kuchonga, na jino moja huchukua dakika chache tu.

Wazazi wengi hawajawahi kuisikia. Wengine wameisikia mtoto akiwa tayari ana pengo.

Gego linaloota bila kubisha hodi

Mtoto huwa na meno 20 ya utoto. Akifika miaka sita hivi, meno ya mbele huanza kulegea na kung'oka, na nyumba nzima inajua. Wapo wanaolirusha juu ya bati ili mtoto apate jipya.

Kumbe wakati macho yote yako mbele, nyuma kabisa ya mdomo kuna jambo linaendelea. Magego manne ya kwanza ya ukubwani yanaota, mawili juu na mawili chini. Hayachukui nafasi ya jino lolote la utoto. Yanachomoza nyuma ya yale yaliyopo, kwa hiyo hakuna jino linalolegea na hakuna damu. Mtoto mwenyewe anaweza asiseme chochote.

Ndiyo maana wazazi wengi huyahesabu kama meno ya utoto. Yakianza kuwa meusi, jibu huwa "liache, litang'oka lenyewe." Halitang'oka. Hilo ndilo gego ambalo mtoto huyo anatakiwa atafunie nyama na mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni.

Magego mengine manne ya ukubwani huota akiwa na miaka 12 hivi. Kwa mzazi, hesabu ni rahisi kukumbuka. Kundi la kwanza huja karibu na mwaka wa kuanza darasa la kwanza, na kundi la pili huja mtoto akikaribia kumaliza shule ya msingi. Jumla ni magego manane, na ndiyo yanayolengwa zaidi na silanti.

Kwa nini huoza juu, pale pa kutafunia

Gego siyo bapa kama linavyoonekana kwa mbali. Sehemu ya kutafunia ina vilima vidogo, na katikati ya vilima kuna mifereji na vishimo. Mingine ni myembamba kiasi kwamba hata unywele mmoja wa mswaki hauingii ndani. Mtoto anaweza kupiga mswaki asubuhi na jioni, na bado mabaki ya chakula yakabaki chini kule.

Ndani ya mifereji hiyo hujificha ukoga, ule utando laini unaojaa bakteria. Mtoto akila kitu chenye sukari, bakteria nao wanakula, na wakishakula wanatoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino. Mate hujaribu kurekebisha, lakini yanahitaji muda bila sukari ili yafanye kazi yake.

Hapa ndipo ratiba ya mtoto wa shule inapoleta shida. Asubuhi chai ya sukari na biskuti. Mapumziko ubuyu na barafu. Wakati wa kurudi nyumbani pipi, inayolambwa kuanzia geti la shule hadi mlangoni. Jioni juisi ya pakiti. Kila mara asidi inaanza upya, na mate hayapati nafasi ya kupumua. Kwa meno, mara ngapi mtoto amekula sukari ni jambo kubwa kama kiasi chenyewe, au hata zaidi.

Kuna na jambo lingine. Gego jipya halitokezi lote siku moja. Huchukua miezi kadhaa kupanda hadi kulingana na wenzake. Kipindi hicho chote liko chini kidogo, hivyo mswaki unapita juu ya meno ya jirani na kuliruka. Jino ambalo bado changa ndilo linalosafishwa vibaya kuliko yote.

Gamba la nje la jino halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo uozo ukianza hauumi. Juu panaweza kuonekana kidoa kidogo cheusi, kumbe ndani pameshakuwa pango. Siku mtoto anapolia, mara nyingi uozo umeshafika karibu na kiini cha jino.

Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kati ya matundu 10 kwenye meno ya ukubwani, tisa hutokea kwenye magego.

Silanti inawekwaje?

Wazo lenyewe siyo jipya. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba ukipaka asidi kidogo juu ya jino kwa muda mfupi, uso wake hukwaruzika kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, na kitu cha plastiki kinaweza kushika vizuri. Ni sawa na fundi anayekwaruza ukuta laini kwanza ili plasta ishike. Miaka ya 1960 yeye na wenzake wakautumia ujuzi huo kuziba mifereji ya magego.

Kliniki nyingi leo hufuata hatua hizi:

1. Daktari husafisha gego vizuri na kulikagua kama halina tundu.

2. Hulizungushia pamba ili mate yasifike. Hatua hii ni muhimu mno. Jino likilowa, utando haushiki.

3. Hupaka jeli yenye asidi kwa sekunde chache, kisha huosha kwa maji na kukausha. Jino hugeuka jeupe kama chaki kwa muda.

4. Hudondosha silanti ikiwa majimaji, nayo hutiririka na kujaa kwenye mifereji.

5. Humulika kwa taa ya mwanga wa bluu, na utando hukauka na kuwa mgumu.

6. Mtoto huuma karatasi ya rangi ili ionekane kama pamezidi. Palipozidi hupunguzwa.

Basi. Mtoto anashuka kwenye kiti na anaweza kula siku hiyohiyo. Kwa siku moja mbili anaweza kuhisi kama kuna kitu kimeongezeka mdomoni, halafu anazoea.

Njia isiyohitaji umeme, na mchango wa Dar es Salaam

Silanti hiyo ya plastiki inahitaji taa, umeme na jino kavu kabisa. Kwa mtoto mdogo anayehangaika kwenye kiti, au gego ambalo bado halijapanda lote, kazi inakuwa ngumu. Kwa hali kama hizo kuna aina ya pili, inayotengenezwa kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma.

Hii huja kama unga na maji yake. Mtoa huduma anachanganya kwa mkono, anapaka juu ya gego, kisha anakandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando ili saruji izame kwenye mifereji. Inakauka yenyewe bila taa. Haisumbuliwi sana na unyevu, na inaachia madini ya floraidi polepole kwenye jino. Mtoto hushauriwa asile kwa muda wa saa moja hivi.

Udhaifu wake ni kwamba hubanduka mapema kuliko ile ya plastiki. Hata hivyo, mara nyingi mabaki yake hubaki chini kabisa ya mifereji na kuendelea kulinda.

Njia hii ya kidole ni sehemu ya mfumo mpana wa kutibu meno kwa vifaa vya mkono, ambao historia yake inaanzia hapahapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken aliuanzisha Tanzania katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Utamtibuje mtu jino kijijini pasipo na umeme wala maji ya bomba, bila kumng'oa?

Jibu likawa kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, kuziba tundu kwa saruji, na kuziba mifereji ya jirani hapohapo. Baadaye njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipobeba ujumbe wa afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani, WHO, likaitangaza kwa nchi nyingine. Mwaka 2021 saruji hiyo ya glasi ayonoma ikaingizwa kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu.

Kwa lugha rahisi, hii siyo huduma ya mabingwa wa ghorofani peke yao. Inaweza kufanyika hata darasani, mtoto akiwa amelala juu ya meza.

Inasaidia kiasi gani?

CDC inaeleza kuwa silanti huzuia asilimia 80 ya matundu kwenye magego kwa miaka miwili ya mwanzo, na huendelea kuzuia asilimia 50 hadi miaka minne. Watoto wa shule wasiowekewa hupata matundu karibu mara tatu zaidi ya waliowekewa.

Tafsiri yake siyo kwamba baada ya miaka minne kazi imeisha. Zipo zinazodumu zaidi ya hapo. Lakini silanti ni kama bati la nyumba, lazima likaguliwe. Ikibanduka kipande, bakteria wanapata mlango. Ndiyo maana mtoto anatakiwa kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi sita au mwaka, na pakionekana panavuja, panazibwa tena.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*Inauma?* Hapana. Hakuna kuchonga wala sindano. Kinachowasumbua watoto wengi ni kukaa mdomo wazi na ladha chachu ya ile jeli.

*Hiyo plastiki haina madhara?* Utafiti uliofanyika kuhusu kemikali zinazotoka kwenye silanti umeonyesha kuwa kiasi ni kidogo mno, na hutoka zaidi wakati inapowekwa. Kama mtoto ana mzio wa dawa au vifaa fulani, daktari aambiwe mapema.

*Akiimeza ikibanduka?* Vipande ni vidogo na hupita tumboni bila shida. Hatari iko kwenye jino lililobaki wazi, kwa hiyo arudishwe kliniki.

*Jino limeshaanza doa, bado inafaa?* Kama ni doa la mwanzo na gamba halijatoboka, silanti inaweza kuzuia uozo usiendelee kwa sababu bakteria waliofungiwa ndani hukosa chakula. Likiwa limeshatoboka, linahitaji kuzibwa kama tundu. Anayeamua ni daktari baada ya kuangalia.

*Mtu mzima anaweza kuwekewa?* Ndiyo, kama gego lake lina mifereji mirefu na halijatoboka wala kuzibwa. Ila faida kubwa ni kwa mtoto, jino likiwa jipya.

*Floraidi si ndiyo inayofanya meno kuwa ya kahawia?* Wengi wanawajua watu wenye meno ya kahawia kutoka maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Hayo hutokana na kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, wakati meno yanajengwa ndani ya fizi. Dawa ya mswaki inayopakwa kidogo na kutemwa ni jambo tofauti.

Isichoweza kufanya

Silanti inalinda sehemu ya kutafunia tu. Hailindi katikati ya jino na jino, wala fizi. Mtoto aliyewekewa kisha akaachiwa pipi na soda kutwa nzima bado atatoboka, safari hii ubavuni.

Kwa hiyo mswaki unabaki palepale, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usirukwe. Dawa ya mswaki iwe na floraidi. Mgongoni mwa tyubu kuna namba, nayo iwe kati ya 1000 na 1500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosha kipande kama punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kama punje ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki mdomoni.

Mswaki wa mti unasaidia kuondoa ukoga ukitumika vizuri, ila hauna floraidi ya kutosha. Mkaa na majivu hukwangua gamba la jino. Na kupachika kidonge cha maumivu ndani ya tundu hakutibu, zaidi kunaweza kuunguza fizi.

Kwa gego linaloota, mzazi amsaidie mtoto. Mswaki uingizwe kutokea upande wa shavu, ulalie gego lenyewe, siyo kupita juu kwa juu. Mtoto wa miaka sita bado hawezi peke yake, hata akisema anaweza.

Kwa mkazi wa Ukonga, pa kuanzia ni wapi

Hatua ya kwanza ni ya nyumbani na ni bure. Mtoto wa miaka mitano hadi saba afunguliwe mdomo mahali penye mwanga, au kwa tochi ya simu. Nyuma ya meno ya utoto, je, kuna gego jipya linachomoza? Likionekana, huo ndio wakati wa kwenda kuulizia silanti.

Si kila zahanati ina huduma ya meno, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kwanza kabla ya kulipa nauli. Kwa wakazi wa Ukonga, Kitunda, Pugu na Gongo la Mboto, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Amana, na huduma za kibingwa ziko Muhimbili. Zipo pia kliniki binafsi za meno.

Maswali matatu yanatosha: Je, mnaweka silanti? Ya plastiki au ya saruji? Bei kwa jino moja ni kiasi gani, na bima inalipia? Bei hazifanani, na ni haki ya mzazi kuzijua kabla mtoto hajapanda kwenye kiti.

Kung'oa huonekana nafuu kwa sababu malipo yake yanaisha siku hiyohiyo. Lakini pengo lina gharama zake. Jino la nyuma hulalia upande wa pengo, la juu yake hushuka, na mtoto anazoea kutafunia upande mmoja. Kutibu kiini cha jino lililooza, kwa upande wake, ni gharama kubwa kuliko kuziba mifereji ya jino zima.

Shule nazo zina nafasi yao. Kwa kuwa njia ya saruji haihitaji mashine kubwa, kamati ya shule inaweza kuandika barua kwa ofisi ya mganga mkuu wa Jiji la Dar es Salaam kuulizia uwezekano wa watoto wa darasa la kwanza na la pili kukaguliwa meno shuleni. Hata ukaguzi peke yake, bila matibabu, unamwambia mzazi jambo ambalo hakulijua.

Usisubiri ukiona haya

Shavu au shingo kuvimba pamoja na homa, mtoto kushindwa kufungua mdomo, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida. Usaha wa jino unaweza kusambaa hadi shingoni na kuhatarisha maisha. Hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Kwa mtoto ambaye hajafika huko, muda wa kufanya kitu ni mfupi. Gego linachomoza, linapanda kwa miezi kadhaa, halafu sukari inaanza kazi. Mzazi anayeliona likichomoza leo ana nafasi ambayo yule mama aliyepanda gari pale Banana hakuipata.